Mnaoanza kazi ya shughuli: ukumbi unasomwa kuanzia mlango wa nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa futi kamba, ile ndefu ya mafundi ujenzi ya mita 30, nikaambiwa nenda kapime ule ukumbi. Nikauliza napima nini sasa, nikajibiwa pima kila sehemu ambayo kuna kitu au mtu atapita. Basi. Nilirudi na urefu na upana wa ukumbi tu nikarudishwa tena, nikapime milango, korido, lifti, ngazi, geti la magari, kimo cha dari pale penye boriti na pale pasipo na boriti. Ilinichukua nusu siku nzima na aliyenituma ndiye aliyenifundisha kazi hii kuliko mtu yeyote.

Sasa nawaandikia nyie mnaoanza, labda umeajiriwa juzi kwenye kampuni ya kuandaa shughuli, au umepewa tu kamati ya mkutano kazini na hujui uanzie wapi. Watu wengi wakiingia ukumbini wanaangalia juu, taa, mapazia, rangi za ukuta, wanapiga picha, wanarudi kumwambia mteja ukumbi ni mzuri sana. Na ni kweli unaweza ukawa mzuri sana na bado shughuli ikaharibikia humo humo ndani. Mimi ukumbi nauangalia kama njia, yaani watu wanapita, mizigo inapita, umeme unapita, sauti inapita na muda nao unapita, na kazi yako wewe ni kujua mapema ni kipi kati ya hivyo kitakwama na kitakwamia wapi.

Kwanza tuelewane ukumbi ni nini maana neno lenyewe linatumika kwa vitu vingi. Kuna kumbi zilizojengwa kwa kazi hiyo hiyo, za mikutano, za maonyesho ya biashara, za tamthilia na muziki, viwanja vya ndani, na kumbi za hoteli ambazo ndizo utakutana nazo sana. Halafu kuna sehemu ambazo zilijengwa kwa kazi nyingine kabisa ila zinaazimwa, makumbusho, ghala la zamani, bwalo la chuo, bustani, paa la jengo, uwanja mtupu unaosimamishiwa tenti. Tofauti yake kubwa kwako ni hii: ile ya kwanza mtu alishawaza kabla yako umeme utoke wapi, choo kiwe wapi, lori lirudi nyuma wapi. Ile ya pili hakuna aliyewaza, unawaza wewe, na kila kisichokuwepo unakileta wewe. Ndio maana bustani inayoonekana rahisi kwenye karatasi mara nyingi inaishia kuwa kazi ngumu kuliko ukumbi wa hoteli, na mteja mwambie hilo mapema kabla hajaipenda sana ile bustani.

Tena hata hizo zilizojengwa rasmi, uliza unapewa nini hasa. Kuna ukumbi unakodishwa mtupu, kuta na sakafu, na kuna unaokuja na viti, meza, spika, watu wa chakula na wahudumu wao. Na kuna unaokulazimisha kutumia watu wao wa chakula au fundi wao wa sauti, huruhusiwi kuleta wako. Hilo siyo baya lenyewe, wakati mwingine fundi wa pale anajua ukumbi wake vizuri kuliko yeyote utakayemleta, ubaya ni kulijua wiki moja kabla wakati umeshamlipa mtu mwingine.

Haya tuje kwenye idadi ya watu, hapa nitakaa kidogo maana ndipo wageni wengi wa kazi hii wanapoanguka. Utaambiwa ukumbi huu unachukua watu 300. Swali la kwanza liwe: 300 wamekaaje? Kwa sababu namba hiyo karibu kila mara ni ya viti vilivyopangwa mistari kama kwenye tamthilia, bila meza, bila steji, bila kitu kingine chochote. Hesabu ya mkononi ambayo mimi natumia ni hivi, viti vya mistari mtu mmoja anakula kama mita ya mraba 0.8 hadi 1, meza za duara za chakula mtu mmoja ni kama 1.2 hadi 1.5, mpango wa darasa yaani kila mtu ana meza ya kuandikia ni 1.6 hadi 2 hivi, na watu wa kusimama na glasi mkononi unaweza kushuka chini ya mita 1. Sasa chukua ukumbi wa mita 12 kwa 20, hizo ni mita za mraba 240. Ukigawa kwa 0.8 unapata 300, ndio ile namba ya kwenye tangazo. Ila wewe una chakula cha jioni, unataka steji ya mita 6 kwa 4, mbele ya steji nafasi ya watu kucheza, pembeni meza ndefu za chakula, nyuma meza ya fundi sauti, ukitoa vyote hivyo umebaki na mita kama 180 na ukigawa kwa 1.5 unapata watu 120. Kutoka 300 hadi 120 na ukumbi ni ule ule! Mteja akishachapisha kadi 250 ndio utaelewa kwanini nasisitiza.

Meza za duara nazo zina kipimo chake. Ya upana wa mita 1.5 wanakaa watu 8 vizuri, ya mita 1.8 wanakaa 10. Utaona watu wanasukumia 10 kwenye ile ndogo na 12 kwenye kubwa, inawezekana kwenye picha lakini mhudumu hawezi kupitisha mkono kuweka sahani na wageni wanakula viwiko vimebanana masaa matatu. Na usisahau kiti kinahitaji nafasi ya kuvutwa nyuma, ndio maana mimi nikichora nahesabu katikati ya meza hadi katikati ya meza jirani mita 3, nikikosa kabisa nashuka kidogo lakini nabakisha njia kuu pana ambayo watu wawili wanapishana bila kugeuka ubavu.

Ila hata ukipata hesabu ya sakafu, haijaisha. Kuna namba nyingine ambayo haijali viti wala meza, inajali milango. Kwenye kanuni za ujenzi zinazotumika sana Marekani ukumbi wa watu 50 hadi 500 unatakiwa uwe na angalau njia 2 za kutokea, ukizidi 500 ziwe 3, ukizidi 1,000 ziwe 4, na mlango wa chumba chenye watu 50 au zaidi unatakiwa ufunguke kuelekea nje, yaani upande watu wanakokimbilia. Mahali ulipo kunaweza kuwa na namba zake, uliza watu wa zimamoto wa hapo, ila mantiki ni hiyo hiyo kila mahali. Na namba hizo zimelipiwa kwa uhai wa watu. Tarehe 28 Novemba 1942 ukumbi wa burudani wa Cocoanut Grove kule Boston uliungua wakafa watu 492, mlango mkuu ulikuwa ule wa kuzunguka ukakwama kwa msongamano wa watu, milango mingine ilikuwa imefungwa au inafunguka kuelekea ndani kwahiyo watu waliorundikana waliifunga wenyewe kwa miili yao. Baada ya hapo ndio sheria zikabadilika, mlango wa kuzunguka ukatakiwa uwe na milango ya kawaida pembeni yake. Halafu tarehe 20 Februari 2003 klabu ya The Station huko Rhode Island ikaungua, fataki za steji ziliwasha sponji zilizobandikwa ukutani kupunguza kelele, wakafa watu 100, na wengi walikimbilia mlango ule ule walioingilia ingawa kulikuwa na mingine.

Hilo la mwisho likae kichwani mwako. Mtu akiogopa anarudi alikotokea. Kwahiyo usiridhike kwamba milango ya dharura ipo, tembea mwenyewe uifungue kwa mkono wako, usikubali kuambiwa inafunguka. Mimi nimeshakuta mnyororo na kufuli kwenye mlango wenye maandishi ya kijani ya kutokea, nikaambiwa ni kwa ajili ya wezi, ufunguo anao mtu ambaye siku hiyo hakuwepo. Tukakaa pale hadi ukapatikana na siku ya shughuli niliweka mtu wetu asimame pale pale. Halafu waambie wapambaji mapema wasitundike pazia mbele ya mlango wa dharura, watakuambia unaharibu picha, wewe kaza tu. Na MC kabla ya chochote awaonyeshe wageni milango iko wapi, ni sekunde 30 tu za maneno.

Warumi walilijua hili zamani sana. Ukumbi wao mkubwa wa Colosseum uliozinduliwa mwaka 80 ulikuwa na matao 80 chini yake, na mengi yalichongwa namba ili mtu ajue anaingilia tao lipi hadi kwenye kiti chake. Karibu miaka 2,000 baadaye bado tunaandaa mikutano ambapo watu 600 wanaambiwa wapange foleni moja kwenye meza moja ya kujiandikisha, halafu tunashangaa kwanini ratiba imechelewa. Gawanya herufi, gawanya meza, weka foleni mahali ambapo haizibi mlango wenyewe.

Mizigo sasa, na hapa ndipo ule mlango wa nyuma. Vipande vya steji vingi vina ukubwa wa mita 1.22 kwa 2.44. Tulipata ukumbi ghorofa ya nne, mzuri, kila kitu safi, kuna lifti, tukaambiwa lifti ni kubwa. Ilikuwa kubwa kwa watu. Kipande cha steji hakikuingia hata kwa kusimamishwa kona kwa kona, na ilipofika asubuhi ya shughuli vijana walibeba vipande 12 kwa ngazi, kona ya kila ngazi inabidi kuinua juu ya kichwa, mmoja akaumia bega. Lile bega la yule kijana ni kosa letu sisi tuliopanga, siyo la lifti. Kwahiyo pima lifti ndani, kina, upana, kimo na upana wa mlango wake, vyote vinne, na usome kile kibao cha uzito. Uliza lori linasimama wapi, linaruhusiwa saa ngapi, kutoka pale hadi steji ni mita ngapi, kuna vizingiti, kuna kapeti ya watu ambayo hawataki magurudumu yapite juu yake? Na kama utatundika kitu chochote juu, taa au nguo za dari, usitundike kabla hujapata maandishi kutoka kwa mwenye ukumbi kwamba sehemu hiyo inabeba kilo ngapi. Dari ya urembo haibebi kitu.

Muda. Hapa naomba msome taratibu. Ukikodi ukumbi unadhani umekodi nafasi, kumbe kitu ghali zaidi ulichonunua ni masaa, na masaa ya wageni kuwepo ni sehemu ndogo tu ya masaa yote. Panga kwa kurudi nyuma. Tuseme wageni wanaingia saa 11 jioni, shughuli inaanza saa 12. Ina maana kujaribu sauti kuwe kumeisha saa 10, na sauti haijaribiwi wakati watu wanaburuta meza, kwahiyo meza ziwe zimepangwa saa 9, na meza hazipangwi kabla kapeti haijatandikwa, kapeti haitandikwi kabla steji haijasimama, na steji haisimami kabla vya juu havijatundikwa maana ngazi ndefu za mafundi zinahitaji sakafu tupu. Ndio mpangilio wa kazi ulivyo karibu kila mahali, vya juu kwanza, halafu steji, sauti na taa, halafu sakafu, samani, na maua yanakuja mwisho kabisa. Ukihesabu hivyo unajikuta unahitaji kuingia saa 12 asubuhi. Sasa fungua mkataba, umeandikwa ukumbi wako kuanzia saa 6 mchana, maana asubuhi kuna semina ya watu wengine. Hapo shughuli yako imeshachelewa na bado wiki tatu.

Nilishakaa kwenye hali hiyo. Tulikubali kugeuza ukumbi, semina asubuhi iishe saa 7, sisi jioni, tukahesabu masaa manne yanatosha. Semina yenyewe ikazidisha dakika 40 kwa sababu ya hotuba ya mwisho, halafu watu wa semina hawakutoka, walisimama wanasalimiana kama watu wanavyofanya siku zote, halafu vifaa vyao navyo lazima vitoke kwenye mlango ule ule ambao vyetu vinasubiri kuingia. Tulipoteza saa moja na nusu kabla hata kiti chetu kimoja hakijaingia, na wageni wa kwanza walifika fundi bado anasema maiki moja mbili. Tangu hapo nikihesabu kugeuza ukumbi nahesabu kutoa, kufagia, na kuingiza kama kazi tatu tofauti.

Inawezekana kugeuza haraka, ila na watu waliozoea na vitu vilivyoundwa kwa ajili hiyo. Madison Square Garden kule New York timu ya hoki ya barafu na timu ya kikapu wanatumia sakafu moja, barafu haiyeyushwi, inafunikwa kwa mbao za kuhami joto halafu uwanja wa kikapu unaungwa vipande vipande juu yake, ndani ya masaa machache tu. Kila kipande kina mahali pake na kila mtu anajua anabeba nini. Nyie mkiwa na timu mpya iliyokutana asubuhi ile ile msijilinganishe, zidisheni muda mara mbili.

Na kubomoa nako ni muda, watu wanasahau. Shughuli ikiisha saa 6 usiku na mkataba unaisha saa 6 usiku, nani anatoa viti? Andika kwenye mkataba saa ya wageni kutoka na saa ya vifaa vya mwisho kutoka, ziwe mbili tofauti.

Umeme naomba usiogope hesabu zake, ni rahisi. Volti mara ampea unapata wati. Sehemu zinazotumia volti 230, laini ya soketi yenye breka (ile swichi inayojizima umeme ukizidi) ya ampea 16 inakupa wati 3,680 na hapo ndio mwisho. Birika moja kubwa la kuchemshia maji ya chai linaweza kula wati 3,000 peke yake. Tulikuwa na mkutano, watu wa chai wakachomeka birika la pili kwenye soketi ya ukutani nyuma ya pazia, soketi ambayo ipo laini moja na meza ya sauti, breka ikajizima katikati ya mtu anatoa mada, ukumbi kimya, projekta nyeusi. Na aliyechomeka hakufanya kosa, aliona soketi tupu akachomeka. Kosa ni kwamba hakuna aliyemwambia. Siku hizi natembea na fundi umeme wa ukumbi, ananionyesha kila soketi iko kwenye breka ipi, nabandika karatasi ya rangi, nyekundu ni ya sauti tu, njano ya jikoni, na jikoni wanapewa laini yao wenyewe. Jenereta nayo usiulize tu kama ipo. Uliza inabeba ukumbi mzima au taa za korido tu, inachukua sekunde ngapi kuwaka, na mara ya mwisho iliwashwa ikiwa na mzigo lini. Kama huna uhakika wa zile sekunde za katikati, kompyuta ya mada na mikisa ya sauti ziwekee betri ya kushikilia.

Sauti ni somo refu, mimi siyo fundi ila nimejifunza vya kutosha kuuliza. Piga makofi mara moja katikati ya ukumbi mtupu usikilize. Ukisikia mlio unaendelea kuzunguka sekunde mbili tatu, hotuba humo zitakuwa shida, hata spika ziwe kubwa namna gani, na kuongeza sauti kunazidisha tatizo. Aliyelifungua jambo hili kisayansi ni Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard, mwaka 1895 alipewa chumba cha mihadhara ambacho mtu akiongea haeleweki, sauti ilikuwa inabaki hewani kama sekunde 5 na nusu. Akawa anafanya kazi usiku kunapokuwa kimya, anabeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, anaipanga, anapima, anaongeza mito, anapima tena, hadi akajua vitu laini vinameza sauti kiasi gani. Hesabu zake zikatumika kwenye ukumbi wa Symphony Hall wa Boston uliofunguliwa 1900. Kwahiyo kapeti, mapazia mazito, viti vya kitambaa na watu wenyewe ni vifaa vya sauti, na ndio maana ukijaribu maiki ukumbi ukiwa mtupu halafu watu wakajaa, sauti inabadilika na fundi lazima awepo kurekebisha, asiende kula.

Hata kumbi kubwa za dunia zimehangaika na hili. Royal Albert Hall ya London ilifunguliwa 1871 ikiwa na mwangwi wa kero kutoka kwenye kuba lake, na ni mwaka 1969 ndio wakatundika yale madude ya duara kama uyoga darini kuupunguza. Wewe huna miaka 98, una siku moja, kwahiyo ukumbi wa kuta za vioo na sakafu ya marumaru peleka kwenye shughuli ya watu kusimama na kuongea, usiupeleke kwenye semina.

Ukumbi mrefu nao, sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, ina maana aliye mita 34 kutoka mbele anasikia moja ya kumi ya sekunde baadaye. Ukimwekea spika nyuma bila fundi kuichelewesha kidogo, atasikia kila neno mara mbili. Mwambie fundi neno hilo tu, acheleweshe spika za nyuma, atakuelewa. Na jambo moja ambalo ramani haikuonyeshi, uliza upande wa pili wa ukuta kuna nani siku hiyo. Zile kuta za kukunja zinazogawa ukumbi mmoja kuwa viwili, nyingi hazizuii sauti inavyotakiwa. Tuliwahi kufanya kikao cha kumkumbuka marehemu na upande wa pili wakawa na sherehe ya kufunga mwaka. Familia haikulalamika, na hilo ndilo linaniuma hadi leo.

Skrini nitapita haraka. Anayekaa mwisho asiwe mbali zaidi ya mara 6 ya kimo cha picha kama kuna maandishi ya kusoma, picha ya kimo cha mita 2 mwisho wake ni mita 12. Na chini ya picha kuwe juu ya vichwa, mita 1.2 kwenda juu, kwahiyo dari ya mita 3 na skrini kubwa havikai pamoja, kata shauri mapema. Nenda kaketi kiti cha mwisho kabisa pembeni nyuma ya nguzo, ukiwa huoni na wewe, mgeni naye hataona, kitoe hicho kiti.

Vyoo. Watu wanaona aibu kuulizia, wewe ulizia. Kwenye maonyesho makubwa ya 1851 pale London, ndani ya lile jengo la vioo la Crystal Palace lililopata wageni kama milioni 6, viliwekwa vyoo vya kulipia na watu zaidi ya 800,000 walilipa kuvitumia. Mkutano wa watu 400 ukienda mapumziko, wote wanaenda ndani ya dakika 15 zile zile, na upande wa wanawake foleni ndio inakula ratiba yako ya kipindi kinachofuata. Kama vyoo ni vichache, ongeza mapumziko yawe dakika 30 au uyagawe, hakuna njia nyingine. Hapo hapo angalia mtu wa kiti cha magurudumu anafikaje. Mlango uwe na upana wazi wa kama sentimita 81 au zaidi, na njia ya mteremko, kila sentimita 1 ya kupanda iwe na sentimita 12 za urefu. Steji ya nusu mita inataka mteremko wa mita 6, pima kama unaingia. Na kama mzungumzaji wako mmoja anatumia kiti cha magurudumu usimwekee maiki chini ya steji wenzake wote wakiwa juu, mpe njia ya kupanda au shusha wote.

Kwa shughuli za nje ni neno moja tu zaidi, upepo. Tenti inakuja na kiwango chake cha upepo kutoka kwa aliyeitengeneza, uliza kiwango hicho, mteue mtu mmoja wa kuangalia hali ya hewa mwenye mamlaka ya kusema watu watoke, na awe na mamlaka hayo kweli, hata mgeni rasmi akiwa ameshika maiki.

Mkataba ukija soma sehemu ya kughairi kabla ya kusoma bei. Tarehe iliyoshikiliwa kwa mdomo haijashikiliwa. Angalia dipoziti inarudi lini na inakatwa kwa sababu zipi, idadi ya watu unayolipia hata wasipokuja, saa za ziada zinahesabiwaje, na nani anawajibika mtu akiumia. Ukikuta neno hulielewi muulize meneja akueleze kwa mfano, halafu mfano huo mwombe auandike.

Siku ya kukabidhiwa ukumbi zunguka na mlinzi au meneja, piga picha kila kona, mikwaruzo iliyokuwepo, kapeti zenye madoa, viti vilivyovunjika, halafu siku ya kurudisha zungukeni tena pamoja na picha zile mkononi hata kama ni saa 8 usiku na umechoka. Mimi nikitoka hapo, kabla sijalala, nafungua daftari langu la kumbi. Kila ukumbi una kurasa zake mbili: vipimo vyote vya milango na lifti, soketi na breka zake, kiti kipi hakioni, choo kipi kinaziba, fundi wa pale anaitwa nani na yuko zamu siku gani, lori liliingilia wapi, na ilituchukua masaa mangapi hasa kupanga na mangapi kubomoa. Ukumbi niliowahi kuutumia mara tano bado naupima tena nikirudi, maana kuna mmoja waliongeza fremu ya aluminiamu kwenye mlango wa nyuma wakapunguza sentimita 6, na sentimita hizo 6 ndizo zilizokuwa zinapitisha steji yetu.